Mtoto Anasoma Sheria Uingereza? Kampuni Zinaanza Kuchagua Mapema Kuliko Unavyodhani

Nyumbani tumezoea mambo kwenda kwa hatua. Mtoto anamaliza shahada ya sheria, anakwenda Law School pale Dar es Salaam, au Kenya School of Law kwa jirani zetu, anafaulu, anaapishwa, ndipo anaanza kuzunguka na bahasha ya vyeti akitafuta ofisi ya kumpokea. Mzazi anayejua mpangilio huo, mtoto wake akiingia chuo kikuu cha Uingereza kusoma sheria, humwambia neno lile lile tuliloambiwa sote: "Wewe soma kwanza, kazi utatafuta ukimaliza."

Kwa sheria ya huku, ushauri huo unaweza kumrudisha mtoto nyuma miaka miwili. Kampuni kubwa za mawakili za London, Manchester, Birmingham na Leeds huajiri mapema kuliko kazi nyingine karibu zote ninazozijua. Humchagua kijana akiwa bado chuoni, mwaka wa pili, na kumwekea nafasi atakayoianza miaka miwili baadaye. Na ili aonekane mwaka wa pili, inamfaa awe ameshajulikana mwaka wa kwanza.

Mimi ni muuguzi, si wakili. Haya nimeyajua kwa sababu mtoto wa dada yangu, ambaye mimi ni mama yake mdogo, alikuwa akikaa kwangu kila likizo ya chuo, na tumepitia pamoja fomu nyingi kuliko nilizojaza mwenyewe nilipokuja huku. Sisi wauguzi tulitafutwa. Hospitali za Uingereza zina upungufu, mawakala walitufuata hadi nyumbani, tukahojiwa kwa video, tiketi ikatumwa. Wanasheria hawana upungufu. Kwao waombaji ni wengi, nafasi ni chache, na anayeijua kalenda ana nusu ya safari mkononi.

Kalenda yenyewe

Kwanza maneno mawili. Solisita ndiye anayemshauri mteja, kuandika mikataba na kuandaa kesi. Barista (si yule wa mashine ya kahawa) ndiye anayesimama mahakamani zaidi. Watoto wengi wanaosoma sheria huishia upande wa usolisita, basi nitakaa zaidi huko. Na ninayosema ni ya England na Wales. Scotland na Ireland ya Kaskazini wana taratibu zao.

Tuchukue mtoto anayeingia chuo Septemba 2025 kwa digrii ya sheria ya miaka mitatu. Kuanzia Oktoba hiyo hiyo kampuni huja chuoni, hufungua ofisi zao kwa siku moja moja, na baadhi huwa na programu za siku chache za wanafunzi wa mwaka wa kwanza. Maombi ya programu hizo huwa wazi katikati ya msimu wa baridi, wakati mtoto bado anajifunza njia ya kwenda maktaba.

Mwaka wa pili, kati ya Septemba 2026 na Januari 2027, anaomba mafunzo ya likizo. Hayo ni wiki moja hadi nne ndani ya kampuni, Pasaka au kiangazi, na analipwa. Yasidhaniwe kuwa ni matembezi ya kujionea tu. Ndiyo usaili wenyewe, wa wiki nzima: anapewa kazi halisi, anaangaliwa anavyouliza, anavyokosolewa, anavyokaa na wenzake. Kampuni nyingi huchagua sehemu kubwa ya waajiriwa wao kutoka humo, na wapo ambao hawana mlango mwingine. Akifaulu, kiangazi cha 2027 anapewa barua ya mkataba wa mafunzo. Anamaliza digrii 2028, anasoma mwaka mmoja wa kujiandaa na mtihani wa SQE, kampuni ikilipa ada na kumpa posho ya kuishi, kisha anaanza kazi 2029.

Kampuni nyingi pia husoma maombi kadiri yanavyoingia, bila kungoja tarehe ya mwisho. Nafasi zikijaa Desemba, aliyetuma Januari amechelewa hata kama tarehe haijafika.

Anayesoma fani nyingine, tuseme historia au kemia, asikate tamaa. Kampuni kubwa huchukua wengi wasiosoma sheria. Wao huomba mwaka wa mwisho, kisha husomeshwa kozi ya ubadilishaji kabla ya SQE.

Na kwa nini watu wanakimbizana hivi? Fedha ni sehemu ya jibu. Mwaka 2024 baadhi ya kampuni kubwa kabisa za London, zikiwemo Freshfields na Linklaters, zilipandisha mshahara wa solisita aliyehitimu tu hadi pauni 150,000 kwa mwaka. Mwaka huo huo muuguzi wa bendi ya 5 alianza na karibu pauni 30,000. Nililisoma hilo nikiwa kwenye mapumziko ya zamu ya usiku, na chai ikanipoa mkononi.

Mtoto wa dada yangu

Dada yangu ni mhudumu wa wazee katika mji mwingine, mjane, mwenye watoto watatu. Huyu wa kwanza alipata daraja zuri mwaka wa kwanza, akapata zuri zaidi mwaka wa pili, na kila Ijumaa mama yake alimpigia kumkumbusha asijiingize kwenye mambo mengi. Mwaka wa tatu, Februari, akasema sasa yuko tayari kutafuta kazi. Akafungua tovuti moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa zimefunga, na zile zilizokuwa wazi zilikuwa zinaajiri watu wa kuanza baada ya miaka miwili na nusu.

"Mama mdogo," aliniambia, "wenzangu walikuwa wanajua. Walikuwa wanajua tangu wiki ya kwanza, kwa sababu baba zao na shangazi zao wanafanya kazi huko."

Hakuwa akilalamika, alikuwa anaeleza. Hapo ndipo nilipoelewa jinsi mambo haya yanavyorithishwa. Hakuna aliyemficha, kalenda ilikuwa kwenye tovuti ya ofisi ya ajira ya chuo chake muda wote. Lakini mtu hutafuta kitu akishajua kuwa kipo.

Akachukua kazi katika ofisi ndogo ya mawakili, bila malipo kwa miezi mitano, akiahidiwa kwamba muda huo utahesabiwa kama uzoefu wa kazi unaotambuliwa. Alipoondoka na kuomba saini, akaambiwa mwenye ofisi yuko safarini, kisha kwamba kazi aliyoifanya ilikuwa ya ukarani tu. Miezi mitano, nauli ya treni kila siku, na dada yangu akiongeza zamu za Jumapili ili kumlipia. Mkataba wa maandishi haukuwepo. Nitarudi kwenye jambo hilo la saini, kwa sababu linawagusa wengi.

Yale tunayoyaona aibu

Kuna jambo ambalo wazazi wengi hawalijui, na nadhani ni muhimu kuliko yote. Tangu mwaka 2015 kampuni nyingi kubwa zimekuwa zikitumia mfumo unaoitwa Rare, ambao hupima alama za mtoto kwa kulinganisha na shule aliyosoma na maisha aliyopitia. Mtoto aliyepata B tatu kwenye shule ambayo wengi hupata D anaonekana tofauti na aliyepata B tatu kwenye shule ya kulipia ambako wote hupata A. Fomu humuuliza: uliwahi kupata chakula cha bure shuleni? Uliwahi kuja nchini kama mkimbizi? Je, wewe ni wa kwanza katika familia kwenda chuo kikuu? Ulikuwa ukimhudumia mgonjwa nyumbani?

Watoto wetu wengi wangejibu ndiyo mara mbili au tatu. Lakini nimewasikia akina mama wakisema, "Usiandike hayo, watatudharau." Hatukulelewa kutangaza shida zetu kwa wageni, nami nimelelewa hivyo hivyo. Ila hapa ukimya unamnyima mtoto haki yake. Anayesoma fomu ile hana habari kuwa mama alikuwa akilala saa nne kwa siku. Anaona B tu. Majibu hayo yanabaki kwa watu wa ajira, na hakuna anayeyasoma mbele ya wenzake.

Basi na hili la uzoefu. Karibu kila wiki wodini kwetu anaingia mama wa Kisomali, wa Kikongo au wa kwetu, na nyuma yake mtoto wa miaka kumi na miwili ndiye anayemtafsiria. Utaratibu wa hospitali unatutaka tuite mkalimani rasmi, na huwa tunaita. Lakini yule mtoto ameshaandika barua za halmashauri kwa niaba ya familia, amepiga simu za nyumba na umeme, amesoma barua za uhamiaji na kuzieleza kwa Kiswahili kinachoeleweka na bibi yake. Miaka saba baadaye mtoto huyo huyo anajaza fomu ya kampuni ya mawakili na kuandika kwamba hana uzoefu wowote. Mtoto wa dada yangu aliandika hivyo. Nilimwambia afute, aandike jinsi alivyoisoma barua ya mwenye nyumba akiwa na miaka kumi na minne, akagundua kwamba amana ya mama yake haikuwekwa kwenye mfuko unaolindwa kama sheria inavyotaka, na ikarudishwa. Kama hiyo si kazi ya wakili, sijui ni ipi.

Usaili, na macho ya kuangalia chini

Kabla ya kuonana na mtu, mwombaji hupewa mitihani ya kompyuta. Unaotajwa sana ni Watson Glaser, maswali 40 ndani ya dakika 30, unaopima kama hitimisho linatokana kweli na maelezo yaliyotolewa. Si mtihani wa Kiingereza kigumu. Ni wa kutojazia maneno ambayo hayakusemwa. Kuna ya mazoezi bila malipo, na anayefanya kumi huwa si sawa na anayefanya wa kwanza siku yenyewe.

Kisha huja maswali ya ana kwa ana, na hapa malezi yetu mazuri yanageuka kikwazo. Tumewafundisha watoto kumwangalia mkubwa kwa heshima, yaani kutomkodolea macho. Tumewafundisha kusema "tulifanya" hata kama kazi yote ilikuwa ya mmoja. Msaili wa Kizungu akisikia "tulifanya" mara nne, anaandika kwamba huyu hakufanya kitu. Nilijifunza hilo kwenye usaili wangu wa kupandishwa bendi, na nilimfanyisha kijana mazoezi jikoni: wewe ulifanya nini? Wewe, si kikundi. Ilimwia vigumu. Alisema anajisikia kama anajisifu.

Swali jingine ni lile la biashara: taja habari iliyokuvutia na ueleze ina maana gani kwa wateja wetu. Vijana hukariri gazeti la Financial Times na kusema wote kitu kimoja. Wakati huo watoto wetu wamekaa sebuleni mwaka 2023 wakisikiliza wajomba wakigombana usiku kucha juu ya mkataba wa bandari kati ya Tanzania na Dubai, uliopitishwa na Bunge mwezi Juni mwaka huo, hadi shauri likafika Mahakama Kuu kule Mbeya. Nani ana mamlaka ya kusaini? Mkataba unavunjwaje? Mgogoro unaamuliwa wapi? Hayo ndiyo maswali yanayolipiwa kwa saa katika ofisi za London, maana mikataba mingi ya Afrika huandikwa kwa sheria ya England. Au aeleze kwa nini M-Pesa iliyoanza Kenya mwaka 2007 ilifaulu mahali ambapo benki zilishindwa. Huhitaji kukariri kitu ulichokulia ndani yake.

Wazazi wa binti, neno moja. Wiki mbili London, hosteli, karamu za jioni ambako watu wanashika glasi za mvinyo: najua mnachowaza. Kijana asiyekunywa anaomba maji ya chungwa na hakuna anayehesabu. Usaili ukiangukia siku ya Idi, anaandika barua pepe mapema kuomba siku nyingine, na watu wa ajira wameshazoea. Lakini mkimkataza kwenda, mmemfungia mlango ambao kwenye kampuni nyingine ndio pekee.

Milango mingine

Upo uanagenzi wa usolisita, ulioanza mwaka 2016. Kijana akimaliza A-level anaajiriwa moja kwa moja na ofisi ya mawakili, anafanya kazi na kusoma kwa miaka kama sita, analipwa mshahara, na mwisho anakuwa solisita bila hata senti ya mkopo wa chuo. Kwa familia inayoogopa mkopo wenye riba, hili linastahili mazungumzo mezani. Ila mjue kwamba tangu Januari 2026 fedha za serikali kwa uanagenzi wa ngazi hiyo ya 7 nchini England zimebanwa zaidi kwa wanaoanza wakiwa chini ya miaka 22. Asikae miaka akifikiria.

Mlango wa pili ndio aliopita kijana wetu. Tangu SQE ilipoanza mwaka 2021, si lazima mtu apate mkataba wa mafunzo wa kampuni moja. Anahitaji miaka miwili ya uzoefu wa kazi unaotambuliwa, anaoweza kuukusanya sehemu hadi nne: kliniki ya sheria ya chuo, kituo cha msaada wa sheria, kazi ya msaidizi wa mawakili, hata kujitolea. Solisita wa England na Wales ndiye anayethibitisha. Kwa hiyo siku ya kwanza kazini, kabla ya kuvua koti, aulize kwa maandishi: nani atasaini, na kwa kazi gani? Kila Ijumaa aandike alichofanya wiki hiyo. Ofisi isiyotaka kujibu swali hilo kwa barua pepe, aiache. Na wakala anayeomba fedha ili kumtafutia mtu kazi ya ofisini, aachwe pia; kwa kazi kama hizo sheria ya huku hairuhusu kumtoza mtafuta kazi. Wauguzi tunalijua hilo kwa machungu.

Mtihani wenyewe si wa mchezo. SQE1 ina maswali 360 ya kuchagua jibu, na kikao cha Julai 2024 walifaulu asilimia 44 tu. Ada ya mitihani yote miwili inazidi pauni 4,500 kabla ya kozi. Law Society ina mpango wa kuwalipia wachache wenye shida, unaitwa Diversity Access Scheme, na unaombwa kila mwaka.

Kwa anayetaka ubarista nitasema kwa ufupi. Hujiunga na moja ya Inns nne za London, husoma kozi ya gharama kubwa, kisha hutafuta mwaka mmoja wa kufundishwa kazi chini ya barista mzoefu. Maombi mengi hupitia tovuti moja, Pupillage Gateway, hutumwa mwanzoni mwa mwaka, na majibu hutoka Mei. Waombaji ni maelfu, nafasi ni mamia. Mzazi asiuze kiwanja kulipia kozi kabla mtoto hajaomba ufadhili wa Inn, kwa kuwa Inns hutoa mamilioni ya pauni kila mwaka, na ombi hilo hutumwa kabla ya kozi kuanza.

Walio Marekani, kwenu sheria husomwa miaka mitatu baada ya digrii ya kwanza, na kampuni kubwa huchagua wanafunzi wa kufanya nao kazi kiangazi cha mwaka wa pili kwa kuangalia alama za mwaka wa kwanza. Alama hizo hupangwa kwa kulinganisha wanafunzi wao kwa wao. Siku hizi maombi yamesogea mbele mno, mengine hutumwa mwaka wa kwanza haujaisha. Kwa hiyo mwaka ule wa kwanza, ambao wengi huutumia kuzoea, ndio unaopimwa.

Kijana wetu sasa ni msaidizi katika kituo cha msaada wa sheria, kesi za nyumba, mshahara wa kawaida, na saini ya miezi kumi na minne ya kwanza ameshaipata. Mdogo wake wa kike ameingia chuo Septemba iliyopita. Kaka mtu alimpa orodha ya tarehe kabla hata hajapewa kitambulisho cha maktaba.

Na wapo wengine ambao huwa nawakuta kwenye vituo vya wazee, wenye shahada ya sheria ya Dar es Salaam au Nairobi ndani ya sanduku, wanaobadilisha mashuka usiku. SQE haiwadai digrii nyingine ya sheria. Aliyekwisha kuwa wakili kamili nyumbani hatakiwi hata ile miaka miwili ya uzoefu. SQE1 hufanyika Januari na Julai. Sehemu ya mdomo ya SQE2 lazima mtu aifanye England au Wales, na tarehe zake hujulikana mapema, hivyo aombe likizo kabla rota haijatoka, maana ikishabandikwa ukutani hakuna meneja atakayeibadilisha.